Wachangishaji wa kujitolea wanapopotea mmoja mmoja

Pole, ndugu. Unasema wachangishaji wako walianza kwa moyo, sasa hawapokei hata simu, na mmoja bado anakaa na fedha alizokusanya. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Anza na fedha. Mwombe huyo mmoja, kwa upole, mzihesabu pamoja mbele ya mtu wa tatu. Kuanzia sasa masanduku ya michango yawe na lakiri na namba, yafunguliwe na watu wawili wasio na undugu, kila kiasi kiandikiwe stakabadhi na kupelekwa benki mapema iwezekanavyo. Utaratibu huu humlinda kwanza mchangishaji mwaminifu, maana asiye na karatasi hana cha kujitetea akisingiziwa. Fedha za huyo mmoja zikikosekana kweli, usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Peleka suala kwa kamati, na ikibidi kwa mwanasheria.

Kuhusu kupotea kwao, naamini wengi huchoshwa na ukimya kuliko kazi yenyewe. Je, waliwahi kuambiwa fedha zilifanya nini? Watumie taarifa fupi kila mchango unapofungwa, na uwarudishie nauli. Muulize kila mmoja anachokiweza: yupo anayeona haya kumsimamisha mtu barabarani lakini ni hodari wa kuandika barua za maombi. Wape kazi yenye tarehe ya mwisho.

Na kabla ya kuchangisha hadharani tena, uliza mamlaka kuhusu kibali, maana nchi nyingi hukidai.