Picha za mtandaoni darasani: maswali yenu

Nikionyesha picha darasani, wanafunzi husema "nzuri!" kisha kimya. Nifanyeje? (Mwalimu wa jiografia, Kasese)

Picha moja haina ubishi. Wape mbili zinazobishana. Na nyie mnaoishi chini ya milima ya Rwenzori hapa Uganda mna bahati. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alipanda huko na msafara wa mwanamfalme Luigi Amedeo, akapiga picha za barafu za vileleni. Sella alifariki mwaka 1943, kwa hiyo hakimiliki yake imeshakwisha, na picha zake kadhaa zimo mtandaoni. Chukua moja, uitafutie mwenzake ya miaka ya karibuni iliyopigwa kutoka upande uleule. Waulize: barafu ilifika wapi? Mwamba upi umejitokeza? Kila kundi liandike sentensi tatu za kile linachokiona tu. Habari ya joto la dunia isubiri kwanza, maana watoto wetu hukimbilia jibu la mtihani kabla macho hayajafanya kazi. Kisha makundi yakosoane kwenye nafasi ya maoni chini ya picha, katika albamu ya darasa mtandaoni. Hapo ndipo mtandao unapoushinda ukuta wa darasa: kundi la shule nyingine linaweza kuja kuuliza, "Mna hakika huo ni mwamba, si kivuli?"

Shule yetu ni ya bweni, simu marufuku kwa wanafunzi, na data ni ghali. (Mbale)

Simu yako moja inatosha. Pakua picha mapema, zionyeshe kwa projekta au uzichapishe. Wanafunzi waandike daftarini, jioni wewe upakie maelezo yao. Punguza ukubwa wa picha kwanza. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, hakuna sababu ya kuichezea. Albamu ya darasa usiijenge Facebook. Ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kuwafundisha watoto kukizunguka kizuizi kwa VPN (programu inayoficha uko nchi gani) si somo ninalotaka kulitetea mbele ya mkuu wa shule.

Naweza kutumia picha yoyote ninayoikuta Google? (Jinja)

Hapana. Anza na Wikimedia Commons, hifadhi ya picha zilizo huru kutumika, au tovuti ya picha ya Flickr ukichuja zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya mpiga picha kwa wengine kuitumia kwa masharti yake. Taja mpiga picha na aina ya leseni, hata kwenye karatasi ya zoezi.

Na picha za wanafunzi wangu wenyewe? (Mbarara)

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Iombe kwa maandishi, ukieleza picha itakaa wapi na nani ataiona. Albamu iwe ya faragha. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, na uangalie beji ya sweta: mara nyingi ndiyo inayotaja shule hata kama hukuandika jina. Mimi napendelea picha za mikono ikipima udongo kuliko nyuso zinazotabasamu. Mzazi akikataa, usimtoe mtoto kwenye somo. Mpe yeye simu awe mpiga picha.