Dar mwezi wa saba: nyuzi joto hazitoshi, uliza upepo

Mkuu, umeuliza kama Julai Dar kuna baridi ya kubebea masweta, maana unakuja na watoto kutoka Hamburg, mama mzazi anashuka kutoka Njombe, na wote mnataka bahari na Zanzibar. Waliotangulia kukujibu wamekuwekea nyuzi joto tu. Ni za kweli: mchana 28 au 29, usiku inashuka hadi 19 hivi. Lakini ukipanga safari kwa namba hizo peke yake utapanga vibaya. Kipupwe chetu kinaendeshwa na upepo wa kusi. Huo ndio utakaoamua mtalala vipi, watoto wataogelea wapi na boti itawatikisa kiasi gani.

Miezi hii jua limehamia kaskazini mwa dunia. Huko kusini mwa Bahari ya Hindi, pande za Mauritius na Réunion, kunajengeka mgandamizo mkubwa wa hewa, na hewa hiyo inasukumwa kuja kwetu ikipita juu ya maji yaliyopoa. Inatufikia ikitokea kusini-mashariki, siku baada ya siku. Mwezi wa pili, wakati wa kaskazi, yaani upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, usiku wa Dar ni nyuzi 25 na jasho juu. Hiyo tofauti ya nyuzi sita kwa mtu wa Ulaya si kitu, ila sisi tunaisikia kwenye mifupa. Mimi ni mtu wa Kigamboni, na pantoni la alfajiri msimu huu ni makoti matupu: kina mama wamejitanda kanga mbili, bodaboda wamefunga zipu mpaka kidevuni. Mama yako anatoka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, kwa hiyo atashangaa tunatetemekea nini. Mbebeeni sweta moja jepesi la asubuhi, watoto hawahitaji hata hilo.

Kuna jambo la usiku ambalo wageni hawaambiwi. Kwenye joto la Februari feni inazunguka usiku kucha, na upepo wake unawasumbua mbu wasitue. Julai, saa nane za usiku unasikia ubaridi, unazima feni, unavuta shuka. Hapo ndipo mbu wanapata nafasi, na masika ndiyo kwanza yameisha, madimbwi hayajakauka yote. Kwa watoto waliokulia Ujerumani, wasio na kinga yoyote ya malaria, hili nalipa uzito kuliko suala la baridi. Mahali mtakapofikia uliza kwanza chandarua, kiyoyozi baadaye. Na dawa za kinga ya malaria mzungumze na daktari wa huko kabla ya kupanda ndege.

Mvua zisikupe presha. Aprili ndiyo mwezi wa mafuriko, kwa wastani zinapita milimita 200. Julai hazifiki hata 50. Mnaweza kupata manyunyu ya alfajiri yanayoletwa na huo huo upepo, dakika kumi yamepita.

Sasa bahari. Maji yenyewe ni nyuzi 25 hivi, watoto watayafurahia. Shida ni mahali na saa. Asubuhi mapema upepo unakuwa umelala, bahari imetulia, na wavuvi wa ngalawa wanatumia saa hizo hizo kutoka. Kuanzia saa nne hivi unaanza kuamka, na ikifika saa nane mchana fukwe zilizo wazi kama Coco zina mawimbi ya kusukumana na mwani mwingi uliotupwa mchangani. Ningekuwa wewe ningewapeleka kisiwa cha Mbudya, boti zinaondokea Kunduchi. Ufukwe wake unatazama bara, kisiwa chenyewe kinawakinga na kusi, kwa hiyo huko maji yanakuwa tulivu hata siku ambayo nje kumechafuka. Muulize mwenye boti maji yatakupwa saa ngapi, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa sababu bahari yetu hurudi mbali sana. Halafu wapakeni watoto mafuta ya kuzuia jua bila kukosa. Upepo unapoza ngozi, mtoto hasikii kuungua, na jua la saa sita la hapa ni kali hata kipupwe.

Kwa Zanzibar, pandeni boti ya kwanza ya asubuhi. Kwenda huwa nafuu, mawimbi yanakuja kwa nyuma. Kurudi Dar chombo kinayapokea usoni, na hapo ndipo watu wanaomba mifuko. Mama ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, maana ukisubiri mpaka aanze kutapika umechelewa, na akae nyuma, chini, katikati. Kila jioni pitia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya kufikia mita mbili, ahirisha siku moja. Usiweke safari ya kurudi kutoka Unguja siku moja na ndege yenu ya Ulaya, hilo nakusihi kabisa.

Jingine ni mwanga. Watoto wako wamezoea kucheza nje mpaka saa nne usiku. Hapa Julai jua linazama saa kumi na mbili na robo, na saa moja ni giza totoro. Mambo ya ufukweni yafanyeni asubuhi, mchana mkale machungwa ya Muheza, ndiyo msimu wake. Tarehe 7 ni Sabasaba, barabara ya Kilwa inafurika watu wa maonyesho, msipange kupita huko.

Kama tiketi hujakata na shule za watoto zinaruhusu, kwa upande wa bahari mimi ningechagua Septemba. Ni demani, msimu wa mwisho wa kusi, upepo umechoka, usiku bado ni wa kulala vizuri na maji yameanza kutulia. Hata manahodha wa majahazi ya Uarabuni walikwepa kuondoka katikati ya kusi. Waliotaka kurudi kwao waliondoka mapema upepo haujakolea, au walisubiri upungue. Kama shule haziruhusu, njooni Julai hiyo hiyo, ila Zanzibar iwekeni mwanzoni mwa safari ili siku za kuahirisha ziwepo.