Maswali na Majibu: Kufunga Mwaka wa Shule na Likizo Ndefu ya Kiangazi

Shule zinapokaribia kufungwa, maswali ya wazazi huwa mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu mtoto aliyekuwa na ratiba ya kila saa anarudi nyumbani kwa wiki 8, 10 au hata 12. Nimefundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi kwa miaka mingi, na hapa ninajibu maswali manane ambayo huulizwa kila mwaka, nikianza na wiki ya mwisho ya masomo na kumalizia na siku za kujiandaa kurudi.

Alama zimeshajazwa na mitihani imekwisha. Kuna ubaya gani mwanangu wa darasa la tatu akianza likizo wiki moja mapema?

Mama, kama safari si ya lazima, ninakuomba umwache amalize. Ni kweli kwamba wiki ya mwisho haina mtihani, lakini ndiyo wiki ambayo madaftari hurudishwa, na mimi huwataka watoto wafungue ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho na kuviweka machoni kwa pamoja. Mtoto huona herufi zake za mwanzo wa mwaka zilizokuwa zikipanda na kushuka juu ya mstari, kisha huona zile za juzi zilizokaa sawasawa, na hapo huamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba amekua. Jambo hilo halipatikani kwenye ripoti.

Kuna pia suala la kuagana. Mtoto wa miaka minane hana namba ya simu ya rafiki yake, na kama rafiki huyo anahamia shule nyingine, siku ya mwisho huenda ikawa ndiyo siku ya mwisho kweli. Nimewapokea watoto walioondoka mapema wakarudi muhula mpya wakiulizia wenzao ambao hawapo tena, na si rahisi kuwafariji. Ikiwa safari haiepukiki, mwambie mwalimu siku kadhaa kabla, ili darasa limuage na vitu vyake vikusanywe.

Dawa ya pumu ya mwanangu iko ofisini shuleni. Nimwambie aje nayo siku ya kufunga?

Hapana, nenda ukaichukue mwenyewe. Dawa haipaswi kusafiri ndani ya mkoba wa mtoto mdogo, na ukiwa hapo utaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi na kuulizia fomu ya daktari ya mwaka ujao, kwa kuwa shule nyingi hudai fomu mpya kila mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa sindano ya dharura ya mzio. Ninaongeza jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: wiki za kwanza baada ya likizo ndefu huwa ngumu kwa watoto wenye pumu, kwa sababu mafua husambaa upya darasani. Kwa hiyo, kama daktari amempa dawa ya kuzuia ya kila siku, msiiache kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima wakati wa likizo.

Ukiwa shuleni, pitia pia kwenye kabati la vitu vilivyopotea. Kila mwaka hubaki masweta mazuri kabisa ambayo yangerudi kwa wenyewe kama jina lingeandikwa kwenye ukosi. Vitabu vya maktaba navyo vitafuteni chini ya kitanda kabla ya siku ya kufunga.

Ripoti ya binti yangu ina alama ya chini sana ya hisabati. Nimuadhibu, au nimtafutie masomo ya ziada likizo nzima?

Baba, usifanye lolote kati ya hayo mpaka umesoma maelezo ya mwalimu, kisha ukamuuliza swali moja: ni stadi gani hasa ambayo binti yangu hajaishika? Neno hisabati ni pana mno kuwa jibu. Mtoto akipewa 52 kutoa 38 na akaandika 26, mzazi huona kosa tu, lakini mwalimu huona kwamba ametoa 2 kwenye 8 na 3 kwenye 5, yaani kila mahali ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, kwa sababu hajaelewa kwamba inabidi akope kumi moja kutoka upande wa makumi. Mtoto huyo ana jambo moja asilolielewa, wala si mtoto asiyejua hisabati. Mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake kila anapopungukiwa, kwa dakika chache kila siku, na utashangaa jinsi 14 itakavyojitokeza yenyewe.

Ripoti msome mkiwa pamoja, wawili tu, bila ndugu zake kusikiliza, na msianze na alama ya chini kuliko zote.

Ni kweli kwamba watoto husahau walichojifunza? Nimpangie mwanangu saa ngapi za kusoma kwa siku?

Kusahau kupo. Mwaka 1996, Harris Cooper na wenzake nchini Marekani walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ya kiangazi, wakaona kwamba kwa wastani alama za watoto baada ya likizo zilikuwa zimerudi nyuma kwa kiasi kinacholingana na mwezi mmoja hivi wa masomo. Hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye kukokotoa hesabu na kwenye tahajia, na hilo linaeleweka, kwa kuwa stadi hizo hudumu kwa kurudiwa rudiwa, na nyumbani ni nadra kuzirudia. Kwenye kusoma, matokeo yalitofautiana kulingana na hali ya familia: watoto wa familia zenye kipato cha kati walielekea kupiga hatua, na wale wa familia zenye kipato kidogo walirudi nyuma. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu ukubwa wa hasara hiyo, lakini mimi niliyekaa na watoto wiki ya kwanza ya mwaka mpya sina shaka kwamba ipo, na sina shaka pia kwamba vitabu vilivyo karibu na mkono wa mtoto huipunguza.

Hata hivyo, sipendekezi saa nyingi. Likizo ni mali ya mtoto, na akili yake inahitaji kupumzika na kucheza. Ninachoomba ni dakika 20 za kusoma kila siku, kwa wakati uleule, kitabu akichague yeye, hata kama ni kile cha picha ambacho mwaka jana mlidhani amekimaliza. Kurudia kitabu si uvivu. Mtoto anayekisoma mara ya nne anasoma kwa mtiririko ambao hakuwa nao mara ya kwanza. Anaposoma kwa sauti na kukwama kwenye neno, hesabuni kimyakimya hadi tano kabla ya kumsaidia, kwa sababu mara nyingi neno hulitoa mwenyewe akiachiwa nafasi. Asiyejua bado kusoma asomewe.

Kwa hesabu, dakika 10 za kujikumbusha jedwali la kuzidisha zinatosha kwa mtoto wa madarasa ya chini, na zaidi ya hapo mshirikisheni kwenye hesabu za maisha: asome saa ya mishale, apime urefu wa meza, ahesabu chenji kabla haijahesabiwa na mtu mzima. Tahajia nayo hurudi yenyewe mtoto anapoandika barua ya kweli kwa mtu wa kweli atakayeijibu.

Tutakwenda mara nyingi kuogelea. Watoto wangu wanajua kuogelea kidogo. Kuna tahadhari gani?

Ningependa jibu hili lisomwe hata na mzazi anayeruka mengine yote. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu kinywa chake kinahangaikia hewa na mikono yake inasukuma maji chini ili kichwa kiinuke. Watu wazima wengi wanaweza kuwa hatua chache kutoka alipo na wasigundue, hasa pale kila mmoja anapodhani kwamba mwenzake ndiye anayetazama. Kwa hiyo, mtajeni mtu mmoja kwa jina kuwa mwangalizi, aweke simu pembeni, asisome, asianzishe mazungumzo, na baada ya robo saa ampokeze mwingine kwa kutamka waziwazi, “Sasa ni zamu yako.” Mtoto anayejua kuogelea kidogo ahesabiwe kuwa hajui, na mtu mzima awe naye majini, umbali wa kumfikia kwa mkono. Maboya ya kujaza upepo ni vitu vya kuchezea. Kwenye mashua avae jaketi la kujiokolea linalomtosha. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai, kuanzia mwaka 2021, kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, na tarehe hiyo huangukia katikati ya likizo hii.

Kuhusu jua, miale yake ni mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa hiyo tafuteni kivuli saa hizo, na mafuta ya kujikinga na jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili na kila mtoto anapotoka majini. Na msimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi kidogo: katika dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi hivi, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima mara tatu hadi tano.

Mimi ni bibi, na nitakaa na wajukuu wawili likizo nzima. Wanataka simu mchana kutwa na hawalali. Nifanyeje?

Shikamoo bibi. Anza na usingizi, kwa sababu mengi hunyooka ukinyooka. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na hitaji hilo haliendi likizo. Simu zote, na yako ikiwemo, zilale nje ya chumba cha watoto, na zizimwe saa moja kabla ya kulala. Mchana, waambie kwamba skrini hufunguliwa baada ya mambo matatu kutimia: wamesoma, wamesaidia kazi moja ya nyumbani, na wamecheza nje. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wapate wastani wa dakika 60 za kutumia mwili kila siku, na hizo hupatikana bila gharama yoyote. Watakapolalamika kwamba hawana la kufanya, usikimbilie kuwatafutia. Mpe kila mmoja nusu saa ya kulalamika, kisha utawakuta wamejenga nyumba kwa mashuka na viti.

Mwanangu analia kwa sababu hatakuwa darasa moja na rafiki yake mwakani. Niombe ahamishwe?

Mama, subiri kwanza. Walimu hupanga madarasa kwa kutazama mambo mengi, na sehemu kubwa ya urafiki wa umri huu huishi uwanjani wakati wa mapumziko. Mruhusu alie, usimwambie kwamba ni jambo dogo, na wapangieni wawili hao siku za kukutana. Ila kama anaogopa mtoto fulani anayemwonea, hilo ni jambo jingine: liandikie shule sasa, kabla ofisi hazijafungwa.

Tuanze lini kujiandaa kurudi?

Wiki mbili kabla. Rudisheni saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku moja au mbili, angalieni kadi ya chanjo, na ipeni shule namba mpya za simu kama mmebadilisha, kwa sababu hakuna simu ngumu kwa mwalimu kuliko ile ya kumtafuta mzazi wa mtoto mgonjwa kwa namba isiyopatikana. Viatu msivinunue mapema. Miguu ya watoto hawa hukua hata ndani ya likizo moja, kwa hiyo vipimeni siku chache kabla ya kufungua, mtoto akiwa amesimama wima na amevaa soksi zake za shule.