Kabla hujachomeka flashi: kwa wadogo zangu mliokuja fildi

Wiki hii tena nimemkuta mmoja wenu mbele ya mashine isiyobuti, yaani inawaka lakini mfumo hauingii. Anachomeka flashi, anachomoa, anachomeka nyingine. Namuuliza imekwama hatua gani: diski imeonekana? Menyu ya buti imetokea? Hajui, lakini Windows ameshaanza kuipakua upya, na bando la ofisi limeishia hapo.

Desktopu za kawaida husamehe haraka hiyo. Tableti za mtumba na Raspberry Pi (kompyuta ndogo za bodi moja) za miradi ya shule, ambazo hapa Dodoma zinazidi kutufikia, hazisamehi.

1. Kuwaka si kubuti. Ukishaiona menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, RAM imeshafanya kazi; usianze kuchomoa RAM na kuisugua kwa kifutio.

2. Tableti za Atom (prosesa ndogo za Intel) za kizazi cha Bay Trail, zilizoanza kutoka 2013, zina prosesa ya biti 64, ila nyingi ziliwekewa UEFI, programu ya kwanza inayoamsha mashine, ya biti 32. UEFI hiyo inatafuta bootia32.efi ndani ya EFI/BOOT, na flashi yako ina bootx64.efi peke yake, kwa hiyo haitokei hata kwenye menyu. Flashi ni nzima! Tumia Debian 12, aina ya Linux, ina mafaili yote mawili. Kenel, yaani kiini cha Linux, haina shida, inaielewa hali hiyo tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014.

3. Piga picha kila ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya hiyo UEFI, kabla hujabadilisha kitu. Hapa nitakaa, maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Mwalimu mmoja wa upande wa Kongwa alituletea tableti ya namna hiyo, ndani mna alama za wanafunzi za muhula mzima. Windows ilikuwa inazunguka kwenye nembo, haiingii. Kijana aliyekuwa fildi wakati huo, mwenye bidii kwelikweli, akaamua kuwasha Linux kutoka kwenye flashi ili ayavute mafaili. Wazo zuri. Flashi haikuonekana, na sababu mmeshaijua. Akaingia BIOS, akazima Secure Boot, ulinzi unaozuia mfumo usiosainiwa kuwaka. Bado. Akaona mahali pa kufuta TPM, chipu inayotunza siri za kufungulia diski, akafuta, kwa matumaini tu. Alipowasha tena, skrini ya buluu ikadai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, wa tarakimu 48.

Mwalimu hakuwahi kulisikia neno hilo. Tableti nyingi za aina ile hufunga diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Akaunti aliifungua aliyemuuzia, naye simu yake haikupatikana tena. Kijana angeishia kwenye Secure Boot, tungeiwasha tena na diski ingefunguka yenyewe. TPM ikishafutwa, siri iliyokuwa ndani imekwenda, na hakuna fundi wa Makole wala wa Marekani wa kuirudisha. Mwalimu hakugomba. Alisema atatafuta karatasi za mitihani stoo aanze kujumlisha upya, akaaga. Kijana alikaa kimya mpaka jioni. Sikumwongezea neno, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwonya. Ninyi mmeonywa.

Kwa hiyo mteja akifika, muulize kwanza akaunti iliyomo ni ya nani. Kama ni yake, aingie kwa simu yake palepale, ufunguo atauona, uandikeni kwenye kadi ya kazi.

4. Ukigeuza kwenye BIOS namna diski inavyosomwa, kutoka RAID kuwa AHCI, Windows iliyopo itakuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Irudishe ilivyokuwa, usifomati.

5. Raspberry Pi haina BIOS ya kuingia, msiendelee kubonyeza F2. Inasoma sehemu ya FAT (aina ya mpangilio wa mafaili) kwenye kadi, na adui yake mkubwa ni chaja ya simu: volti zikishuka chini ya 4.63 inaanza kulalamika, na inaweza kukwama katikati ya kubuti. Badilisha adapta na waya kabla ya kuandika kadi upya. Ikigoma bado, weka enable_uart=1 kwenye config.txt, unganisha waya wa siriali kutoka kompyuta nyingine kwenye pini 8 na 10 pamoja na ya ardhi, spidi 115200, kisha soma inachosema. Waya uwe wa volti 3.3. Ule wa volti 5 ulioko droo ya juu nimeufunga uzi mwekundu. Unaunguza bodi, usiguswe.