CIF haikubebei hasara mpaka bandarini kwako

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, muuzaji kanipa bei ya CIF. Kwa hiyo mzigo ukiharibika njiani ni juu yake, si ndiyo?" Nilikaa na simu mkononi kitambo. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena nikitamba.

Hapana, ndugu yangu. Si juu yake.

Nilijua CIF ni gharama, bima na nauli ya meli ndani ya bei moja. Nikadhani anayelipa nauli ndiye anayebeba hasara. Kumbe katika Incoterms, kanuni zilizoanza kutolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara mwaka 1936, hayo ni mambo mawili. Kwenye CIF muuzaji analipa nauli hadi bandari ya kushushia, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi pale mzigo unapopakiwa melini, huko huko unakotoka. Meli ikishang'oa nanga, balaa ya njiani ni yako.

Kontena langu lilipofunguliwa, harufu ndiyo ilitupokea: ile ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo. Marobota ya vitambaa yaliyokuwa juu yalikuwa na madoa meusi ya ukungu. Tulipojifungia ndani gizani, mwanga ulipenya darini kwenye kitundu kisichozidi ncha ya kidole. Mkaguzi akadondoshea kitambaa matone ya nitrati ya fedha. Yangekuwa maji ya bahari, pangegeuka peupe kama maziwa. Hapakugeuka. Mvua. Mwenzangu tuliyechanga naye mtaji alikuwa nyuma yangu, hakusema neno. Mpaka leo salamu zetu ni za mkato.

"Bima si ipo?" nikasema, tena kwa sauti. Cheti kilionyesha asilimia 110 ya thamani ya mzigo, nami nikaona nimekingwa na chenji juu. Kumbe 110 ni kiasi cha fedha tu. Masharti ya bima yalikuwa ya daraja C, kiwango cha chini ambacho CIF inamtaka muuzaji akikate: moto, meli kuzama au kukwama, kugongana, na machache ya namna hiyo. Mvua haimo. Wizi haumo. Muuzaji alikuwa ametimiza kila alichopaswa, na hilo liliniuma kuliko vitambaa vyenyewe, maana sikuwa na wa kumlaumu. Miezi ya kuandikiana barua naiacha, haikuzaa kitu.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaotaka kuagiza kwa makontena. Zile herufi tatu si pambo la ankara. Zisomeni kabla ya kutuma hata senti. Katika toleo la Incoterms la 2020, CIP, ambayo nayo muuzaji hulipa usafiri na bima, inamdai bima ya daraja A, pana kuliko zote, ilhali CIF imebaki na C. Mnaweza kukubaliana aipandishe, lakini lazima muandikiane. Asiyeomba hapewi, na mimi sikuomba.

Msikimbilie EXW pia kwa sababu bei yake ni ndogo. Hapo muuzaji anakuwekea mzigo kwake tu. Kuupakia garini na kuutoa kwenye forodha ya nchi yake ni kazi yako. Na FOB, ambayo kila mtu anaipenda na ambapo muuzaji anakukabidhi mzigo ukishapakiwa melini, haikutungwa kwa ajili ya makontena, kwa kuwa kontena hukabidhiwa yadi kabla ya kupanda melini. FCA, ambapo muuzaji anamkabidhi msafirishaji wako mzigo mahali mlipokubaliana, inafaa zaidi, ila taja mahali hasa pa kukabidhiana. FCA bila mahali ni herufi tu. Soma, uliza, andika. Wangapi kati yenu mmelipia mzigo bila kukiona cheti cha bima? Msinijibu, najua.

Siku hizi wauzaji wananiona msumbufu, nami nafurahi. Shehena zangu tatu za mwisho zote zimekuja na daraja A.

Yule msomaji nilimwambia aulize daraja la bima. Asubuhi hii amerudi: ni C, muuzaji yuko tayari kuipandisha, ila nani atalipa nyongeza? Nimemwambia alipe yeye, na alipe leo, kontena halijapakiwa.