Nina swali la PhD ila hela ndo sina

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mtu wa maabara huku Mwanza, masters ninayo, sasa nataka PhD ya tiba inayoangalia vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, hasa watoto wa selimundu, maana kazini naona watoto wawili uzito ule ule, dawa ya selimundu ya haidroksiurea dozi ile ile, mmoja anapona kabisa maumivu mwingine kila mwezi yuko wodini. Nimeomba skolashipu tatu, zote wamenitosa. Wenzangu wanasema hiyo ni sayansi ya Wazungu, nitafute kitu chepesi. Proposo nimeambatanisha. Nifanyeje? – Wa Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wamegusa ugonjwa wenyewe bila kujua. Hesabu iliyotolewa 2019 ilionyesha kwenye tafiti kubwa za jenomu (vinasaba vyote vya mtu) duniani asilimia 78 ya watu waliopimwa wana asili ya Ulaya, Waafrika asilimia 2 tu. Unaikumbuka efavirenzi, ile ya HIV iliyowapa watu kizunguzungu na ndoto za ajabu? Waafrika wengi wana aina ya jeni CYP2B6 inayofanya mwili uivunje dawa hiyo polepole, kwa hiyo inajaa kwenye damu, na watu walimezeshwa miligramu 600 miaka na miaka kabla ya utafiti kuonyesha 400 inatosha.

Sasa proposo yako nimeisoma. "Tiba ya Vinasaba Kupunguza Tofauti za Kiafya Afrika", ndugu yangu, hiyo ni kazi ya watu arobaini na maisha yao yote! Wale watoto wawili uliowaandika kwenye barua ndo PhD yako, na kwenye proposo hawapo hata mstari mmoja. Haidroksiurea inapandisha himoglobini ya utotoni (ile ya mtoto akiwa tumboni, inayosaidia seli za damu zisijikunje kama mundu), wengine inapanda sana wengine kidogo, na jeni kama BCL11A zinajulikana kuhusika na himoglobini hiyo, anzia hapo.

Ila kabla hujaisingizia jeni hebu uliza, yule anayerudi wodini dawa anaimeza kweli? Mama yake anaipata wapi, nauli shilingi ngapi, ikiisha inakuwaje? Msomaji wa proposo atakuuliza hilo la kwanza kabisa, na kusema kweli tofauti za kiafya mara nyingi zinalala hapo kwenye nauli. Pima vyote viwili.

Hela: usianze na skolashipu, anza na supavaiza, yule profesa atakayekusimamia. Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, na wewe peke yako huwezi kukusanya damu na mafaili kama hayo kwa miaka mitatu, kwa hiyo andikia watu wenye sampuli tayari, barua fupi. Ukishapata kwa kukaa ndo unaangalia skolashipu ya DAAD (shirika la Wajerumani) ya kusoma hapa hapa Afrika Mashariki (angalia masters yako isiwe imepita miaka 6), ile ya Commonwealth (Jumuiya ya Madola), au programu za DELTAS Africa za kufundisha watafiti wa afya, hizi unaomba kwa kundi la vyuo lenye mradi, sio makao makuu Nairobi. Za Wamarekani uliza vizuri, maana Mei 2025 NIH, taasisi yao ya serikali ya utafiti wa afya, walisimamisha kutoa ruzuku mpya za nje zinazopitia vyuo vya kwao mpaka waweke utaratibu mwingine, na mwanafunzi ndo anaumia katikati.

Halafu skolashipu nyingi zinalipa ada na posho, vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) utajiju. Usiandike kusoma jenomu nzima ya kila mtoto, pima sehemu chache unazozijua, bei inashuka sana. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kiombe mapema, kinaweza kula miezi, na kama damu itatoka nje ya nchi kuna mkataba mwingine juu yake.

Ikate hiyo proposo ibaki kurasa mbili unitumie tena, na watoto wawe ukurasa wa kwanza.