Bidiloki zinazotengenezwa gereji: pima mdomo wa tairi kabla ya kukata chuma

Bidiloki ni pete za chuma zinazobana kwa bolti mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokaa kwenye rimu, usichomoke upepo ukipunguzwa. Kabla hujamtafuta fundi, jiulize kama unazihitaji. Gari linalotoka Tabora mjini kufuata asali Sikonge au tumbaku Kaliua, likiwa na tairi nzima na kompresa ndogo, linapita mchanga mwingi kwa psi 16 hadi 18, na rimu ya kawaida haiachii tairi. Bidiloki inapata kazi ukishuka chini ya psi 12 kwenye mbuga za udongo mweusi wakati wa mvua, au unapokata kona kwenye mchanga mzito na mzigo nyuma. Hapo ndipo mdomo wa tairi unapochomoka kwenye rimu, au tairi inazunguka peke yake na kukata valvu ya tyubu.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Pete ya ndani inachomelewa kwenye rimu upande wa nje. Mdomo wa tairi unakaa juu ya pete hiyo, kisha pete ya nje inaubana kwa bolti. Upande wa ndani wa rimu unabaki kama ulivyokuwa, umeshikwa na upepo tu, kwa hiyo usidhani sasa unaweza kutembea na psi 2.

Tumia rimu ya chuma isiyo na ufa wala kutu ya kula. Rimu ya aluminiamu iache, haichomelewi na pete ya chuma. Rimu za vipande za malori nazo usizifananishe na hizi: pete zile hushikiliwa na upepo wenyewe na zimeua watu.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo kazi yote. Rimu ya inchi 16 ina kiti cha tairi (sehemu ambapo mdomo hukaa kwa kawaida) chenye kipenyo cha milimita 405.6, na ukingo wake wa nje unafika kama 440. Pete ya ndani, ya pleti ya milimita 6, isizidi hiyo 440, la sivyo mdomo wa pili wa tairi hautapita juu yake wakati wa kuvalisha. Tundu lake la katikati liwe kama 355. Mstari wa bolti uwe kwenye 376 hadi 378, yaani ndani ya kiti cha tairi. Faida yake ni kwamba matundu ya bolti hayagusi kabisa sehemu yenye upepo, hivyo hayavuji. Pete ya nje iwe na vipenyo hivyohivyo, ila unene wa milimita 8 ni bora.

Kati ya pete hizo mbili kuna kola: flatibaa iliyokunjwa duara, kipenyo cha nje 403, ikachomelewa juu ya pete ya ndani. Ndiyo inayoweka tairi katikati, na ndiyo mafundi wengi huiruka. Nunua tairi kwanza, pima unene wa mdomo wake kwa kalipa, kisha toa milimita 3. Kilichobaki ndicho kimo cha kola. Mdomo ukiwa na 21, kola ni 18. Kola ikiwa fupi mno, pete ya nje haiifikii. Inakunjwa kama sahani na bolti zinachoka hadi kukatika. Ikiwa ndefu mno, chuma kinagusana na chuma huku tairi ikiwa haijabanwa, na upepo unatoka polepole. Ukibadilisha aina ya tairi, pima upya.

Pleti iliyokatwa kwa gesi hupinda, kwa hiyo mpelekee fundi wa kukereza aisawazishe kwanza. Toboa pete zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja na uzitie alama, ili matundu yakutane. Bolti 32 za M8 daraja la 8.8 zinatosha. Nati zichomelewe nyuma ya pete ya ndani kabla pete haijakaa kwenye rimu, maana baadaye nafasi ya spana ni finyu.

Ondoa ukingo wa nje wa rimu kwa mashine ya kukereza, ukiacha kiti kikiwa kimenyooka. Shikiza pete ya ndani kwa nukta 12 za kuchomelea, ukiruka upande hadi upande, kisha inua gari juu na uifunge rimu kwenye habu ya mbele. Simamisha waya juu ya tofali ukiwa karibu kugusa pete, zungusha. Ikicheza zaidi ya milimita 1.5, kata nukta na urudie. Hapa ndipo pa kuwa mkaidi, kwa sababu usukani utakaotetemeka barabarani chanzo chake ni hapa. Chomelea vipande vya sentimita 4 hadi 5, upande huu kisha ule, uache chuma kipoe. Rodi ya 7018 ya milimita 2.5, ikiwa kavu kabisa. Rodi iliyonyonya unyevu huacha matundu madogo kwenye mshono, na mshono huu ndio unaozuia upepo. Kamwe usichomelee rimu ikiwa na tairi, hata kama valvu imetolewa: joto linapika mpira, gesi inajaa ndani, tairi inalipuka.

Kuvalisha: paka maji ya sabuni, anza na bolti 8 ndefu za milimita 70 kuvuta pete ya nje taratibu, kisha weka zile za kawaida. Kaza kwa kuvuka, mizunguko mitatu: 10, 18, halafu 24 Nm kwa spana ya toki. Bolti ya M8 haihitaji bomba la kuongezea nguvu. Jaza upepo kwa mpira mrefu ukiwa umesimama pembeni, kisha mwagia mshono wote sabuni. Rudia kukaza baada ya kilomita 50, na kila ukitoka porini. Pete isifunguliwe kabla hujatoa valvu na upepo kwisha.

Upana wa gurudumu umeongezeka, kwa hiyo kata usukani mpaka mwisho uangalie kama inasugua madigadi. Matope ya mbuga yakikaukia kwenye bolti, gurudumu linapoteza balansi. Yachokonoe kabla ya lami, na urudishe upepo. Kumbuka pia kwamba tairi iliyolegea inapanuka ubavu, na visiki vya mtundu na mninga kwenye njia za mizinga havina huruma. Spea ya rimu ya kawaida inatosha, ila beba bolti 6, nati na spana namba 13.